Chekeche Imeshashukuru

Nchi yenyewe siitaji. Ukiitambua, umeitambua kwa akili zako, usije ukanitaja mimi mahali. Bendera inayo, wimbo inao, na watu wake wakiusikia wanasimama wima hata kama wamebeba mzigo. Wenyewe huiita Jamhuri ya Ahsante. Mtawala wake, Mlezi Mkuu, alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja ndogo tu, nayo ni kwamba taarifa ndefu zilimletea usingizi. Waziri akifungua jalada, Mlezi Mkuu anapiga miayo. Kwa hiyo ilipokuja Filimbi, ule mtandao ambao mtu hupuliza neno lisilozidi pumzi moja na nchi nzima ikalisikia, alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Taarifa zote za serikali zikahamia huko. Bajeti ilisomwa kwa mpulizo mmoja. Kipindupindu kilitangazwa, kikapigwa vita na kikashindwa katika mpulizo huo huo, na wagonjwa wakajulishwa.

Sasa nchi hiyo ina desturi yake. Zamani serikali ilitenda kwanza, ndipo watu wakashukuru. Wataalamu wakachunguza wakaona utaratibu huo unachelewesha maendeleo, wakaugeuza. Siku hizi watu hushukuru kwanza, na jambo likishashukuriwa linahesabiwa kuwa limetendeka. Idara ya Kuridhika hukaa kutwa ikisikiliza Filimbi. Mahali watu waliposhukuru, kazi imekwisha, na vifaa vinahamishiwa kwa wale ambao bado hawajashukuru. Haki bin haki.

Wafanyabiashara nao wana sharti lao. Tangazo la biashara halipiti Filimbi mpaka lianze kwa kumshukuru Mlezi Mkuu pamoja na vyeo vyake vyote, Baba wa Mito, Ngao ya Wanyonge, Mkulima Namba Moja na kuendelea. Vyeo vikishakwisha, mtu anabakiwa na pumzi ya maneno machache tu ya kuuzia bidhaa yake, na wanaoijua kazi waliyatumia vizuri. Muuza majeneza mmoja alijenga ghorofa kwa kupuliza, "Tupo. Hatuna haraka."

Basi katika nchi hiyo, kwenye mtaa mmoja wa mlimani uitwao Chekeche, alikuwepo mwanamke muuza maji, Tausi Mgaya.

Chekeche mabomba ya zamani yalikauka siku nyingi hata mijusi ikazalia humo. Tausi alikuwa na tangi kubwa jeusi, analijaza kwa gari la maji na kuuza kwa ndoo. Tangi lilisimama uani kwa jirani yake Bi Semeni, mama mtu mzima, mkaanga maandazi. Siku Tausi alipokuwa anahangaika hana pa kuliweka, Bi Semeni alimwambia, "Weka hapo, mwanangu. Mimi nafasi ya kukimbia riadha siihitaji tena." Kodi hakutaka hata kuisikia. Tausi naye kila asubuhi alimjazia ndoo ya kukandia unga, bure, na Bi Semeni kila asubuhi alimletea andazi la moto likiwa bado linatoa moshi. Waliishi hivyo, mtu na mwanawe.

Na huyo Bi Semeni ndiye aliyelihangaikia bomba jipya. Alikwenda ofisi ya maji na magoti yake yaliyovimba, akakaa kwenye benchi, akaambiwa aje kesho, akaja kesho. Alikwenda mpaka makarani wakamzoea wakawa wanamwachia funguo wakitoka kwenda kula. Miaka ikapita, makarani wengine wakastaafu, yeye yupo. Mwishowe mabomba yakaletwa kweli, ya buluu, manene, yakalazwa kando ya barabara mpaka karibu na shule, na mtaro ukaanza kuchimbwa. Lo, Chekeche ilicheza ngoma! Jioni Bi Semeni alipenda kwenda kukaa juu ya bomba moja, akilipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Tausi," alisema, "nikioga maji ya bomba kabla sijafa, hata kwa siku moja, sina neno na mtu."

Tausi alipiga vigelegele pamoja na wenzake, na vilikuwa vya kweli. Lakini moyoni, na hapa nawaombeni tusimhukumu upesi, kulikuwa na kajambo. Bomba likishafika, nani atanunua ndoo yake? Akapiga hesabu za kichwani, akaona njia ni kutafuta wateja wa mbali, mahoteli na maofisi ya mjini, kabla maji hayajapanda mlima. Wateja wa namna hiyo walikuwa wapi? Filimbi. Akanunua simu ya kioo, akaketi kwenye kigoda pembeni ya tangi, akapuliza tangazo lake la kwanza, "Maji safi, baridi, tunaleta mpaka mlangoni."

Likarudi saa hiyo hiyo. Halina shukrani.

Akaongeza shukrani kwa ajili ya amani, maana watu wengi hushukuru amani, haina gharama. Likarudi. Amani imeshukuriwa kupita kiasi mwezi huu, chagua kitu kingine. Akashukuru barabara. Likarudi. Barabara hazishukuriwi kipindi cha mvua. Tausi akaona isiwe tabu, akapiga simu Idara ya Kuridhika, akapokewa na dada mmoja mwenye sauti laini.

"Dada yangu, kwani wewe unauza nini?"

"Maji."

"Sasa si umshukuru kwa maji? Mbona unajitesa?"

"Lakini maji yenyewe hayajafika, dada. Bomba bado lipo chini."

"Mimi nimekuuliza unauza nini."

"Maji."

"Yapo?"

"Yapo. Kwenye tangi."

"Haya basi," alisema yule dada, akakata simu.

Kidole cha Tausi kilisita juu ya kioo. Msije mkadhani hakikusita. Desturi ya nchi aliijua kama anavyoijua kila mtu, na mabomba ya buluu aliyaona pale alipoketi, mtu akiinua macho tu anayaona. Ila alijiambia, mimi nani bwana, mpulizo wa mtu mdogo nani atausikia? Akamtaja Mlezi Mkuu na vyeo vyake, akamalizia, "kwa maji ya Chekeche. Yapo tele! Pigia Tausi." Safari hii halikurudi. Lilipita kama limepakwa mafuta.

Asubuhi ile Mlezi Mkuu alikuwa anakunywa chai yake ya tangawizi. Filimbi nzima ilikuwa imejaa shukrani za wauza magodoro na wasuka nywele, na yeye alikwishachoka kushukuriwa kwa ajili ya amani. Shukrani ya maji ilikuwa moja tu. Akaiitikia kwa mkono wake mwenyewe, "Chekeche hoyee!" Mawaziri wakaitikia kwa kufuata ukubwa. Waziri wa Uvuvi alichelewa kidogo kwa kuwa alikuwa makaburini anamzika mama yake, akaomba radhi kwa taifa. Kufika adhuhuri simu ya Tausi ilikuwa imepata moto mpaka akaivingirisha kitambaa kibichi. Wizara zilitaka maji. Mabalozi walitaka maji. Hoteli moja ilitaka maji ya kuweka mezani tu, watu wayatazame.

Tausi alicheka peke yake kama kichaa. Biashara imeitika! Alicheka hivyo siku mbili tatu, mpaka lilipokuja lori.

Lilikuja na vijana wa kuimba na mhandisi mwenye kofia nyeupe. Wakaanza kuyapakia mabomba huku wanaimba, kazi ikaenda haraka kuliko wakati wa kuyashusha. Bi Semeni alitoka jikoni mikono imejaa unga.

"Ebo! Mnayapeleka wapi hayo?"

"Kijijini kwa Mlezi Mkuu, mama," mhandisi alijibu kwa adabu zote. "Kule wana ziwa zima, ila bomba la kulishukuria hawajapata."

"Na sisi?"

"Ninyi si mmeshashukuru, mama."

"Nani kashukuru?"

"Chekeche. Chekeche imeshashukuru. Mlezi Mkuu mwenyewe ameitikia."

Bi Semeni akageuka, akawatazama watu wa mtaa mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa kwamba si yeye. Wachache waliokuwa na simu za kioo walimtazama Tausi, wakatazamana, wakanyamaza, maana ndoo zao zilikuwa kwenye foleni yake. Tausi alikuwa ameinamia bomba la tangi lake anakaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Aliinama hivyo mpaka lori lilipoteremka mlima na mgongo ukamuuma. Bi Semeni alikwenda akasimama pale yalipokuwa yamelazwa mabomba. Majani ya chini yake yalikuwa yamegeuka manjano.

Tangu hapo Tausi hakucheka tena. Pesa ziliingia, hilo tusimnyime, lakini wizara zikawa zinachukua maji kwanza na Chekeche ikawa inangoja yanayobaki. Foleni ya ndoo ikarefuka mpaka shuleni. Watoto wakawa wananawa uso kwa zamu. Na jambo lililomkata Tausi maini ni kwamba Bi Semeni, ambaye simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, hakuwa na habari. Alikuja asubuhi moja na andazi lake mkononi, akaketi kwenye kigoda.

"Mwanangu, wewe una hiyo simu ya kisasa. Niandikie huko kwenye Filimbi. Sitaki ugomvi na mtu. Waulize tu, ni nani huyo aliyetushukuria? Aje, tukae naye, tumweleze. Pengine hakujua."

"Pengine," Tausi alisema.

"Andika basi. Anza na salamu."

Akaandika. Bi Semeni alisema, yeye akaandika kila neno. Alipofika mwisho alibonyeza kioo pembeni, mahali pasipo na kitu.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Bi Semeni."

"Ahsante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akamwachia andazi. Tausi alilishika mpaka likapoa, halikulika. Na kila asubuhi baada ya hapo Bi Semeni aliuliza, "Wamejibu?" na Tausi alisema bado, na mama yule alimwambia ahsante, na samahani kwa kumsumbua. Ahsante hizo zilimwingia Tausi kama misumari. Alianza kujificha nyuma ya tangi lake mwenyewe akisikia kanga za Bi Semeni zinakuja.

Ikafika siku hakuweza tena. Akapiga moyo konde, akavaa gauni lake la harusi za watu, akashuka mjini kwenye Idara ya Kuridhika kuomba mpulizo wake ufutwe.

Mkurugenzi wa Idara, Daktari Pantaleo Mkunde, alikuwa na tumbo la heshima na kiti kinachozunguka. Alimsikiliza huku akizunguka taratibu, kila mara akirudi na tabasamu lile lile.

"Bi Tausi," alisema, "shukrani ni kama tonge. Ikishamezwa, hairudi ila kwa ugonjwa. Na shukrani yako imemezwa na nani? Unataka kuniambia Mlezi Mkuu ni mgonjwa?"

"Hapana, Mheshimiwa! Mimi nasema nilikosea mimi. Maji hakuna Chekeche."

"Wewe unauza nini?"

"Maji."

"Chekeche?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi yapo," alisema Daktari Mkunde kwa upole wa daktari wa watoto. "Tatizo lenu wananchi ni unyenyekevu. Mnafanikiwa halafu mnaona haya. Hata hivyo umekuja wakati mzuri, umetuokolea nauli ya kukufuata. Mlezi Mkuu anakuja Chekeche kuzindua bomba la kumbukumbu ya shukrani hiyo, na wewe utavishwa nishani. Utapewa nafasi ya kusema pumzi moja. Na tangi lako tutaliunganisha kwa nyuma ya ukuta, maana bomba la kumbukumbu likikauka mbele ya mabalozi, hiyo nishani itabidi tukuvishe jela."

Tausi alirudi mlimani kwa miguu. Njia nzima alijipa moyo. Kwani si ameambiwa atasema? Pumzi moja inatosha. Mlezi Mkuu ni mtu mwema, hajui tu, akisikia kwa masikio yake bomba litarudi hata kesho. Nitasema, alijiapiza. Wanivue nishani, wanifunge, nitasema mbele yake na mbele ya Bi Semeni.

Siku ya uzinduzi Chekeche ilifagiliwa. Ukuta mweupe ulijengwa uwanjani, na katikati yake bomba la shaba linalong'aa hata ukilitazama macho yanauma. Watu waliagizwa waje na ndoo zilizofunikwa, ili zisijulikane kwamba ni tupu. Bi Semeni aliwekwa mstari wa mbele na wazee wenzake, amevaa kanga mpya, anamtafuta Tausi kwa macho apate kumpungia mkono.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kumetameta, akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa Mlezi Mkuu, naomba nisome ule mpulizo uliotikisa taifa!" Akausoma wote, vyeo na vyote, mpaka "Pigia Tausi." Watu wakapiga makofi kama walivyofundishwa. Mkono wa Bi Semeni ulikuwa tayari umeinuliwa kumpungia Tausi. Ukabaki hapo hapo juu, halafu ukashuka polepole, akauweka mapajani akaufunika na ule mwingine.

Mlezi Mkuu akafungua bomba la shaba. Maji ya Tausi yakatoka, bendi ikapiga, mabalozi wakapiga picha. Tausi akavishwa nishani, akaitwa aseme. Itifaki ya nchi ile ilimtaka awataje kwanza wakubwa wote kwa vyeo, na alipokuwa anafika kwa Naibu Waziri wa Uvuvi pumzi ilikuwa imekaribia kumwishia. Akaisukuma iliyobaki.

"Maji haya ni yangu!" alilia. "Yanatoka kwenye tangi langu!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mlezi Mkuu alisimama machozi yakimlengalenga. "Mmesikia? Ni yake! Huo ndio moyo wa kumiliki maendeleo! Nataka kila mwananchi aseme kama huyu mama, maji haya ni yangu!"

"Maji haya ni yangu!" mawaziri wakaitikia.

"Bomba limeondolewa!" Tausi alipiga kelele. "Mabomba yamechukuliwa, hatuna hata moja!"

"Hatuna hata moja na bado maji tunayo!" mshereheshaji alidaka. "Hoyee!"

"Hoyee!" ikajibu Chekeche, na ndoo tupu zikapigwa kama ngoma. Tausi alisimama pale na nishani kifuani, mdomo wazi, anatafuta uso mmoja tu katika umati. Alipouona, ulikuwa unatazama chini.

Jioni ile alipuliza ukweli wote kwenye Filimbi, bila kupunguza neno, mimi muuza maji nilishukuru uongo kwa ajili ya biashara yangu. Ukarudi. Hauna shukrani. Akaupuliza tena, ukarudi tena. Akaitupa simu ndani ya tangi, ikazama na kitambaa chake.

Asubuhi aliamka mapema akajaza ndoo ya kukandia unga, akaiweka mlangoni kwa Bi Semeni kama siku zote. Akakaa kwenye kigoda anangoja atukanwe. Alitamani atukanwe, alikuwa ameshayatayarisha hata majibu yake, nayo yote yalikuwa nisamehe. Mlango ukafunguliwa. Bi Semeni aliitazama ile ndoo, akaizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, akarudi ndani akatoka na ndoo yake tupu. Akaenda nayo mpaka mwisho wa foleni, kule karibu na shule, na magoti yake yale.

Tausi alimkimbilia. "Bi Semeni, usipange foleni. Tangi lipo uani kwako. Njoo, mama yangu, nakuomba."

"Hapana, acha nifuate utaratibu."

Foleni ilikwenda taratibu na jua likapanda. Andazi siku hiyo halikuwepo, jiko la mama lilikuwa halijawashwa. Zamu ya Bi Semeni ilipofika, Tausi alimjazia ndoo mpaka ikamwagika. Bi Semeni akahesabu sarafu zake, akaziweka juu ya tangi lililosimama uani kwake mwenyewe. Tausi akazirudisha, na yeye akaziweka tena. Kisha akainua uso, bila hasira yoyote, akamtazama Tausi kama mtu anavyomtazama karani mgeni aliyeletwa ofisini.

"Mheshimiwa," aliuliza, "nishukuru sasa, au nilishashukuru?"